Karani Hakufa kwa Upweke

Mwanangu Mwakio,

Salamu nimeziruka, maana asubuhi tumesalimiana vizuri na uji wako ukaumaliza. Lakini lile neno ambalo watu huanzia barua, kwamba mimi huku ni mzima wa afya, siliruki, kwa sababu ndilo lililonikalisha chini nikashika kalamu. Mimi ni mzima. Miaka yote hii uliyonichua kifua kwa mafuta nilikuwa mzima.

Umeshuka Mwatate kununua kufuli ya sanduku, na ninavyokujua utapita kumuaga kila mtu mwenye ng'ombe, na kila ng'ombe wake. Kwa hiyo alasiri yote ni yangu. Nikimaliza nitaikunja karatasi hii niitie ndani ya kiatu chako kipya cha kulia, kwa kuwa hutavivaa mpaka asubuhi. Ninakuandikia kwa Kiswahili cha darasani. Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, ndicho nilichokubembeleza nacho tangu siku ya kwanza, na sikiamini tena. Mdomo wangu nao siuamini. Nikikueleza haya kwa mdomo, kabla sijafika katikati nitakuwa nimekushika mkono na kukuita baba, na wewe utakuwa umeshaanza kutoa nguo sandukuni.

Mambo ya kuchemsha maji na kujikinga na mbu wa huko Taveta unakokwenda utaambiwa na wengine. Mimi nataka kukuambia habari za sungura.

Najua hujamsahau Karani. Mpaka leo ukipita penye kile kibanda chake kilichooza unageuza uso, mwanamume mzima na ndevu zako. Ulimleta kutoka shuleni mwaka ule walimu walipogawa sungura kwa watoto wa darasa lenu. Hapa Mghange nyama ya sungura ilikuwa ya wavulana; mtu mzima akionekana anaila, watu wanamcheka mpaka kanisani. Nilidhani utamnenepesha, kisha wewe na wenzako mtamchoma nyuma ya nyumba. Wewe ukampa jina. Ulimwita Karani kwa sababu alikaa wima, mikono kifuani, akamtazama mtu kama anayengoja malalamiko yake.

Siku za kwanza alikuwa mnyama mbaya. Alikukwaruza mikono mpaka mwalimu akauliza kama unalala na paka. Nikakuambia umchape kwa ufito, atajua mwenye nyumba ni nani. Hivyo ndivyo nilivyowalea kaka yako Mwadime na dada yako Mkanjala. Baba yenu alipokufa nilibaki na watoto watatu na mwiko, na kwa wale wawili wakubwa mwiko ulifanya kazi kuliko mdomo. Waliponisikia nikikohoa tu mlangoni, walikuwa wamesimama. Nilijivunia sana jambo hilo.

Wewe hukumchapa. Ulikaa chini kwenye majani, mbele ya kibanda kilicho wazi, ukaweka kipande cha ndizi mbivu karibu na mguu wako, ukatulia. Jioni nzima. Nilikutazama kutoka jikoni nikasema moyoni, huyu wa mwisho amenitokea mjinga. Siku iliyofuata ukaweka kipande juu ya kiatu, halafu juu ya goti. Alipoanza kukusogelea ukagonga ulimi, to, to, na papo hapo ukampa. Baada ya muda ulikuwa ukigonga ulimi ukiwa penye migomba, naye anatoka mbio huku mkia wake mweupe ukionekana kila anaporuka. Alipanda kigoda. Alizunguka kigoda. Jioni aliingia kibandani peke yake, ukafunga mlango mbweha wasimpate, bila kumgusa.

Nilikuja nikachuchumaa karibu yako. Unakumbuka tulivyozungumza?

"Mama, usimshike. Mwache aje mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Basi hapati. Lakini usimchape. Ukimchapa mara moja tu, haji tena kwako."

"Mbona sasa hivi amekuja na hukumpa kitu?"

Ukanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Simpi kila saa. Akijua atapata kila saa, anakuja pole pole. Asipojua, anakuja mbio."

Nimesikia mahubiri maisha yangu yote, Mwakio, na sijawahi kusikia neno lililoniingia kama hilo. Kwa sababu mwaka uleule Mwadime alikuwa amekimbilia Voi bila kuniaga, na Mkanjala ameolewa Changamwe na mtu aliyemjua muda mfupi tu, ili mradi asirudi kulala chini ya paa langu. Mwiko ulikuwa umenifukuzia watoto wawili. Nilibaki na mmoja, kitinda mimba, ambaye kwa desturi yetu ndiye hukaa na mama na kurithi nyumba yake. Watu waliniambia nisiwe na wasiwasi, huyu ni wako kwa desturi. Lakini nilishaona desturi haimshiki mtu mwenye miguu. Wewe ulinionyesha kinachomshika.

Nilianza na mambo madogo. Unakumbuka ulivyokuwa ukichota maji? Siku moja unayaleta, nasema, "Bila wewe ningekuwa nimeshakufa," na usiku unapata nyama ya mfupa. Siku ya pili unayaleta, nanyamaza kabisa, nageuka napepeta mahindi. Siku ya tatu unaleta ndoo mbili. Nilikuwa nakuona unavyonichungulia usoni ukitafuta neno, na neno lipo mdomoni mwangu, nami nalimeza. Nilifurahia hilo. Siwezi kukuandikia kwamba nilifanya kwa uchungu. Ni furaha kubwa kuona mtu anakuja mbio na hajui atapata nini, ila wewe ndiye unayejua.

Sikukuinulia mkono hata siku moja. Majirani walinisifu. Waliuliza nilifanyaje hata nikapata mtoto mtiifu kiasi hicho bila fimbo, na mimi nikawaambia ni neema.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inataka kukimbia. Ulifaulu mtihani ukaitwa shule ya bweni, mbali huko ng'ambo ya Voi. Kabla hujaondoka ulinipa kazi ya kumtunza Karani, ukanifundisha na ulimi, to, to, ukanisahihisha mpaka nikapata sauti kama yako. "Asubuhi umwite mara moja, Mama, umpe kidogo. Asidhani nimemtupa." Ukaenda. Nyumba ikanyamaza. Na Karani, ili ujue, hakujali hata kidogo. Alikuja kwangu kwa furaha ileile aliyokujia wewe. Alikula, akanenepa, akalala juani. Aliyepata shida na nyumba ile ni mimi.

Nikakutumia neno kwa dereva wa lori la kabichi: mwambie Mwakio sungura wake amekataa kula tangu aondoke, anakaribia kufa. Nilijua utaomba ruhusa. Halafu nikakumbuka kwamba ukija utamkuta ananawiri.

Kwa hiyo nikamnyima chakula.

Nilifunga kibanda, nikaondoa majani yote, mpaka yale ya kulalia. Maji nilimpa, nisije nikakosa sungura kabisa. Kila asubuhi nilikwenda nikagonga ulimi nione amefikia wapi. Siku za mwanzo alikuja mbio akasimama wima kwenye waya, mikono kifuani, akaningoja. Sikumpa. Baadaye akawa anakuja kwa kujikokota. Mwishoni hakuja, masikio tu ndiyo yaligeuka kunifuata. Usidhani nililia. Nilimshika mgongo nikapapasa mifupa, nikaona imetokeza ya kutosha, nikaenda kupalilia.

Ulirudi juu ya lile lori, umeketi katikati ya kabichi, na sare yako ya shule. Hukunisalimu hata. Ulikwenda moja kwa moja kibandani.

"Mama, amekwisha! Amekuwa mifupa!"

"Amekataa kila kitu, baba. Nimejaribu mpaka nimechoka."

"Mbona hukuniita mapema?"

"Sikutaka kukuvurugia masomo yako."

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa kipande changu cha ndizi. Ulinitazama kama mtakatifu. Ukapiga magoti, ukagonga ulimi, na yule mnyama ambaye hakuwa na nguvu ya kunijia mimi akajiburuta mpaka mkononi mwako. Kwako alikuwa hajawahi kukosa kwa muda mrefu hivyo, ndiyo maana. Ulimpa ndizi, ukampa nyingine, ukampa mkungu karibu mzima huku unalia na kumwambia kula, kula. Leo umesomea mifugo, unajua vizuri kuliko mimi tumbo lililokaa tupu hufanywaje na vitu vitamu vikiingia kwa pamoja. Wakati ule hukujua, na mimi sikujua. Kesho yake tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, na kabla ya adhuhuri akafia juu ya sweta lako la shule.

Ulisema, "Mimi ndiye nimemuua."

Haya yafuatayo uyasome pole pole. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ningeweza kusema, hapana, ni ugonjwa wa sungura. Neno jepesi tu, na lingekutosha, ulikuwa mtoto. Badala yake nilikuwekea mkono kichwani nikasema, "Ulimwacha peke yake, baba. Kuna viumbe haviwezi kuachwa."

Hukurudi shule ya bweni. Ulijiunga na ile ya harambee hapa juu, isiyokuwa hata na vioo vya madirisha, ukawa unakuja nyumbani kila jioni. Na tangu siku ile umeishi ukiamini kwamba ukiondoka kitu kinachokupenda kitakufa. Imani hiyo hukuzaliwa nayo. Niliipanda mimi, ikashika vizuri kuliko chochote nilichowahi kupanda kwenye shamba hili la mawe.

Karani hakufa kwa upweke. Alikufa kwa sababu nilimnyima, kisha ukampa. Hakukukumbuka hata siku moja.

Mwadime alipokutafutia kazi kule Voi, kwenye bohari ya reli, sikuwa tena na sungura, ikabidi nitumie kifua changu. Nilijifunza kukohoa shambani, peke yangu, kama mtu anavyojifunza wimbo wa kanisa, mpaka nikapata kile kikohozi kikavu kinachoishia kwa mluzi. Wala sikukohoa kila siku. Ulinifundisha mwenyewe. Unakuja Jumamosi unanikuta nacheka na kuku, Jumamosi nyingine unanikuta kitandani. Hukujua utakuta nini, kwa hiyo ulikuja mbio. Mwishowe uliacha kazi. Mwadime alipanda mpaka hapa kunigombeza, wewe ukiwa umekwenda kuchota maji.

"Mama, huyu ungemchapa tu. Sisi ulitupiga tukajua pa kukimbia. Huyu umemfanya nini?"

"Ananipenda, ndicho nilichomfanya. Wewe wivu unakusumbua."

"Sina wivu wowote. Namhurumia."

Akaondoka bila kunywa chai. Nilimchukia kwa sababu ya neno lile, nami namchukia kidogo mpaka sasa, lakini alikuwa sawa. Kovu alilonalo juu ya jicho ni la mwiko wangu, na kila akijitazama kwenye kioo anajua alifanywa nini na nani. Wewe huna kovu la kutazama. Ndiyo maana ninakutengenezea moja leo kwa wino.

Unajiuliza kwa nini leo. Si kwamba nimekuwa mwema. Ni ile jioni uliyoleta habari za kazi ya Taveta, ya msaidizi wa daktari wa mifugo. Ulikuwa umeketi pale penye kigoda, umeanza kunieleza kwamba wamekuona ukimtuliza yule fahali mkali wa Marungu, na wanakutaka, na hata kabla hujamaliza macho yako yakashuka kwenye kifua changu. Sikuwa nimekohoa. Sikuwa nimefikiria kukohoa. Nawe ukasema mwenyewe, "Lakini nitawaambia hapana, Mama." Ukatabasamu, ukaningoja.

Karani naye alifika mahali pa kuingia kibandani kabla hujamwita.

Kwanza nilisikia raha. Nakuambia ukweli, kwanza raha. Halafu nikaona jinsi unavyoningoja, mikono yako umeikutanisha kifuani, nikaona kinyaa, sijui ni wewe niliyekuonea kinyaa au mimi. Nikasema, "Nenda." Ulidhani nakupima. Ulikaa wiki nzima ukinichunguza, ukijaribu kujua jibu sahihi ni lipi. Lile "nenda" lilitoka mara moja, Mwakio, na sijui kama lipo lingine mahali lilipotoka.

Huko unakokwenda utapata mkubwa wa kazi ambaye leo atakusifu mbele za watu na kesho atapita kama hakujui. Na mwanamke wa namna hiyo utampata, wako kila mahali, wengine wana sura nzuri kuliko yangu. Hutawatambua kwa ubaya wao, maana hawatakuwa wabaya kwako. Utajitambua mwenyewe. Siku utakayojikuta unakimbia na ndoo mbili wakati uliombwa moja, simama hapohapo uiweke chini.

Na usijione safi sana, wewe uliyelia juu ya sungura. Kila mara ulikuwa ukiacha kibanda wazi na kujisifu kwa wenzako, tazameni, hatoroki, ananipenda. Hukujua alipenda nini. Mimi pia sijui. Mwanangu umekaa na mimi miaka yote ya ujana wako, umenipikia, umenichua kifua, umeniimbia nikijifanya siwezi kulala, na sijui kama hata siku moja ulikuja kwangu mimi. Aliyeita kwa ndizi hawezi kujua. Hilo ndilo nililovuna, nami nalila peke yangu kila siku. Labda siku moja ukija mwenyewe, hukuitwa, hukutumiwa neno, nami nikuone tu unapanda kilima na

Unaona? Nimeanza tena. Ningelifuta lakini wino haufutiki, basi liache hapo ulione lilivyo. Huo ulikuwa ulimi wangu, to, to. Hata katika barua hii.

Msamaha sikuombi. Utanipa, nami nitauzoea, halafu kesho kutwa nitautaka mwingine. Ukiweza kunichukia kidogo, nichukie. Mwadime atakufundisha, yeye ni fundi.

Kesho asubuhi nitakupikia kimanga, mihogo na maharagwe niyaponde vile unavyopenda, na kitakuwa kitamu kuliko vyote nilivyowahi kukupikia. Kula ushibe. Usiniulize habari za barua hii; nitakana, na ukinikazania nitalia, na nikilia utabaki. Ukiinua sanduku nitakohoa. Sisemi huenda. Nimekaa hapa alasiri nzima nikijiambia sitakohoa, na najijua, nitakohoa. Ukifika penye migomba utanisikia nikigonga ulimi kama ulivyonifundisha. Sauti ile bado ninayo, sawasawa na yako. Usigeuke. Ukigeuka utaniona nimesimama mlangoni nimejishika kifua, na utasahau kila neno lililo hapa.

Siku moja kikohozi kitakuwa cha kweli. Hutaweza kukitofautisha na vile vingine, kwa sababu nilivitengeneza vifanane. Neno litakufikia Taveta kwamba mama hali chakula. Usije. Mwadime yuko karibu, atanizika vizuri na hatalia, na wewe utakuwa huko na mafahali wako, mkono wako ukiwa juu ya mgongo wa mnyama asiyekujua, na hakuna kitakachokufa kwa sababu hukuwepo.

Nakusikia unapiga mluzi huko chini kwenye njia. Wacha nitafute hicho kiatu.

Ni mimi mama yako, mzima wa afya.